Nam wa filamu ya Thailand alijikubali, au alijibadilisha ili apendwe?

#1 Binti_Ngamiani (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Nimeirudia filamu ya Thailand ya mwaka 2010, ile inayojulikana nje ya nchi hiyo kwa jina la Crazy Little Thing Called Love, na ambayo wengine huiita First Love. Kwa ambao hawajaiona, Nam ni binti wa mwaka wa kwanza wa sekondari, mweusi, mwenye miwani na vyuma vya meno, ambaye hakuna anayemtupia jicho shuleni. Anampenda Shone, kijana wa mwaka wa nne, mtanashati, anayetajwa na kila msichana wa shule ile. Kwa miaka mitatu Nam anajisugua ngozi, anavua miwani, anaingia kwenye maigizo, anaongoza bendi ya shule na kupanda darasani hadi kuwa wa kwanza. Siku ya mwisho ya shule anamfuata Shone kando ya bwawa la kuogelea akiwa na ua mkononi, anamweleza yote yaliyomo moyoni, kisha anaona kwenye shati la kijana huyo jina la Pin, msichana mwingine.

Filamu hii husifiwa kila mahali kwamba inawafundisha vijana kujikubali walivyo. Mimi naona inafundisha kinyume chake. Nam anaanza kupata maua, pongezi na wavulana wa kumsindikiza pale tu ngozi yake inapong'aa. Kabla ya hapo, kamera yenyewe inamtazama kama kichekesho. Nilipoiona nikiwa kidato cha pili nililia kwa ajili ya Shone, lakini nilipoirudia sasa nimelia kwa ajili ya yule Nam wa mwanzo, ambaye anatoweka katikati ya filamu bila hata mtu mmoja kumuulizia.

Naomba tujadiliane. Je, huyu binti alijikubali wapi?

#2 Mchambuzi_Kisauni

Shukrani kwa uzi, dada. Nadhani umeipita albamu.

Baada ya tukio la bwawani Shone anarudi nyumbani, na hapo ndipo tunaonyeshwa albamu yake ya picha. Humo mna picha za Nam alizompiga kwa siri, na nyingine ni za tangu mwanzo kabisa, wakati bado ana miwani na vyuma vya meno. Maana yake ni kwamba Shone alimpenda yule Nam unayemlilia, kabla ya krimu na kabla ya bendi. Jitihada zote za kujipendezesha hazikuongeza kitu kwa upande wa Shone, kwa sababu moyo wake ulikuwa umekwisha kuamua zamani. Kwangu mimi, hilo ndilo somo la kujikubali: binti alihangaika miaka mitatu kutafuta kitu alichokuwa nacho tangu siku ya kwanza.

#3 Kijana_wa_Kirumba

Naunga mkono #2. Niongeze kwamba Mario Maurer aliyeigiza kama Shone alikuwa hajawahi kuigiza filamu kabla ya hii, ndiyo maana haya zake zinaonekana za kweli kabisa.

#4 Mtunza_Kanda

Marekebisho kwa #3. Mario Maurer alikuwa amekwisha kujulikana Thailand kwa filamu ya Love of Siam ya mwaka 2007. Alizaliwa mwaka 1988, kwa hiyo wakati Crazy Little Thing inatoka alikuwa na takriban miaka 21, si mwanafunzi tena. Aliyekuwa bado karibu na umri wa shule ni Pimchanok, aliyeigiza kama Nam, ambaye ni wa mwaka 1992. Haya ya Shone ni kazi ya mwigizaji, ndugu yangu, na apewe sifa yake.

#5 Ua_la_Asumini

Naomba nirudi kwenye hoja ya mleta uzi, kwa sababu naiona imeanza kupeperushwa na mapenzi yetu kwa Shone.

Albamu ya #2 ni ushahidi wa moyo wa Shone. Haithibitishi lolote kuhusu moyo wa Nam, na kujikubali ni jambo la Nam. Yeye hakuijua albamu ile alipokuwa anajisugua. Aliingia kwenye kile kijitabu cha mbinu za kumnasa mvulana akiwa na rafiki zake Cheer, Gie na Nim, akafuata ukurasa kwa ukurasa, na hata alipokuwa mzuri kwa macho ya shule nzima bado hakuwa na ujasiri wa kufungua kinywa mpaka siku ya mwisho. Huo si uso wa mtu aliyejikubali.

Jambo jingine, nimeona mara nyingi watu wakilinganisha lile rojo wanalojisugua na singo ya kwetu. Mimi ni mtu wa Unguja na nimemfanyia singo dada yangu kabla ya harusi yake: asumini, waridi, liwa, unasugua taratibu kuanzia mabegani, ngozi inalainika na harufu inakaa siku kadhaa. Hakuna somo aliyewahi kumwambia bi harusi kwamba asiposuguliwa atakuwa mbaya. Ni heshima anayofanyiwa mtu ambaye tayari anatakiwa na tayari anasubiriwa. Nam anajisugua akiwa hatakiwi na mtu, kwa hofu, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya viungo vilivyomo kwenye bakuli.

#6 Mlinda_Mlango

Wote mnazungumzia ngozi, na hakuna aliyemtaja Top.

Sababu ya Shone kunyamaza ni moja tu: ahadi. Top ni rafiki yake wa tangu utotoni, akahamia shuleni pale, akampenda Nam, Nam akamkataa, naye Top akamwomba Shone asije kumtongoza Nam. Shone akakubali, na mwanamume akishatoa neno lake mbele ya rafiki ameufunga mlango mwenyewe.

Nayasema haya kwa sababu yalinikuta. Tulikuwa wawili kwenye bweni moja, tunampenda binti mmoja wa darasa la jirani, na mwenzangu alinitangulia kusema. Nilimwambia amfuate, mimi sitaingilia. Binti hakumtaka. Hata hivyo nilikaa na neno langu mpaka tukamaliza kidato cha nne, na siku ya mahafali nilimpigia binti yule picha akiwa na wazazi wake, nikamrudishia kamera, nikaondoka. Ninamwelewa Shone kuliko mhusika mwingine yeyote wa filamu ile.

#7 Binti_Ngamiani

#6, ahsante kwa kutushirikisha. Lakini swali langu liko palepale: katika mapatano yenu, na katika mapatano ya Shone na Top, nani alimuuliza binti? Wavulana wawili wanagawana kimya, na msichana anabaki akidhani tatizo ni uso wake.

#8 Mlinda_Mlango

Hakuulizwa, na sikatai. Ninachosema ni kwamba kunyamaza kwa Shone hakukutokana na sura ya Nam, kwa hiyo filamu haiwezi kulaumiwa kwamba inafundisha kuwa sura ndiyo iliyomnyima.

#9 Kijana_wa_Kirumba

#6, ina maana yule binti mpaka leo hajui? Andika jina la shule basi, huenda yumo humu ndani anasoma, nawe uonane naye tena kama Shone alivyoonana na Nam baada ya miaka tisa.

#10 Mwalimu_wa_Zamu

Salaam. Nimefundisha sekondari kwa muda mrefu na nina maelezo tofauti na yote yaliyotangulia.

Tunasema Nam alibadilika kwa ajili ya Shone, lakini mnamsahau baba yake. Baba anafanya kazi Marekani, na kwa nyumbani yeye ni sauti na barua, pamoja na ahadi kwamba mtoto atakayekuwa wa kwanza darasani atapata tiketi ya kumfuata. Nam ana mdogo wake anayeipigania nafasi hiyohiyo. Ukiitazama filamu kwa jicho la mwalimu utaona kwamba mabadiliko yaliyodumu maishani mwa Nam ni yale ya daftari na Kiingereza, na kwamba mtu mzima aliyesimama karibu naye wakati wote huo ni Mwalimu Inn, ambaye watazamaji wengi wanamkumbuka kwa vichekesho tu. Ni Mwalimu Inn aliyewachukua yeye na wenzake kwenye maigizo ya Kiingereza, walikokimbilia baada ya kukosa nafasi kwenye ngoma ya jadi ambako warembo walichaguliwa kwanza. Akampa Nam nafasi ya Snow White, yule binti mfalme mrembo wa hadithi, huku shule nzima ikicheka.

Nimewaona mabinti wa namna hiyo. Anakuja kidato cha kwanza ameinamisha kichwa, unampa kazi ndogo ya kusoma kwa sauti mbele ya mstari, wiki ya kwanza hasikiki, wiki ya tatu anasikika mpaka kwenye mwembe ule wa nyuma, na ifikapo muhula wa pili walimu wenzako wanakuuliza huyu amehamia lini. Hajahamia. Sasa huyo binti ukimuuliza atakwambia alifanya yote kwa sababu ya mvulana fulani, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha aliyo nayo katika umri ule. Mimi siamini kwamba ndiyo sababu nzima.

#11 Mchambuzi_Kisauni

Mwalimu #10, heshima kwako. Umenifanya nimtazame upya Mwalimu Inn, na mapenzi yake kwa yule mwalimu wa michezo. Mtu mzima anahangaika vilevile kama watoto anaowafundisha, na anashindwa vilevile.

#12 Mtunza_Kanda

Kuna jambo la utengenezaji ambalo linagusa hoja ya #1, na naona lisipite bila kutajwa.

Pimchanok ni mtu wa ngozi nyeupe. Yule Nam mweusi wa mwanzo ni rangi aliyopakwa na wapambaji, akavishwa miwani na vyuma vya meno, na kadiri filamu inavyosonga wakawa wanaiondoa rangi hiyo hatua kwa hatua mpaka wakarudi kwenye ngozi yake mwenyewe. Kwa hiyo tunachokiona kama safari ya kuwa mzuri kilikuwa, kwa mwigizaji, kuvuliwa vazi. Waongozaji wawili wa filamu hii hawakutafuta binti mweusi halisi na kumpa nafasi ya kupendwa. Walichukua ngozi nyeupe, wakaipaka weusi ili uwe alama ya ubaya. Soko la Thailand lina matangazo mengi ya krimu za kung'arisha, na filamu hii ilizungumza lugha ya soko hilo, pengine bila hata kukusudia.

Hilo haliondoi uzuri wa hadithi. Naipenda na nitaitazama tena. Lakini anayesema filamu inafundisha kujikubali inabidi ajibu kwa nini weusi ulikuwa wa kupakwa.

#13 Mkaguzi_Msaidizi

Naandika mara chache, leo nimeguswa.

Mtu wangu wa karibu sana alitumia mkorogo tangu akiwa kidato cha tatu. Hakuanza kwa sababu ya filamu yoyote, alianza kwa sababu kijana mmoja aliyempenda alimwambia mbele ya wenzake kwamba angekuwa mzuri kama si rangi. Alikuwa anachanganya mwenyewe kwenye kopo la mafuta ya mgando, krimu mbili na vidonge alivyovisaga, anapaka usiku chini ya shuka ili mama asinuse. Uso uling'aa kweli. Vifundo vya vidole vikabaki vyeusi, mashavu yakaanza kuwaka akikaa juani hata kwa muda mfupi, na baadaye yakatokea madoa ambayo mpaka leo anayafunika kwa poda. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku hapa Tanzania, lakini aliyezitafuta alizipata.

Kwa hiyo ninapoona vipande vya filamu vile vimewekewa muziki wa furaha, wasichana wanasuguana na kucheka, siwezi kucheka nao. Filamu inaonyesha kung'aa. Haionyeshi vifundo vya vidole.

#14 Ua_la_Asumini

Pole sana kwake, #13.

#15 Kijana_wa_Kirumba

Pole. Hata hivyo naomba tusiihukumu hadithi ya Thailand kwa makosa ya mkorogo wa kwetu. Nam hakutumia kemikali, na mwishoni Shone alimpenda, akawa mchezaji mkubwa wa mpira, wakaonana tena. Ni hadithi yenye heri.

#16 Mlinda_Mlango

#15, Shone hakuishia kwenye mpira. Alikwenda kuchezea klabu ya Bangkok Glass, kweli, lakini tunapomwona tena baada ya miaka tisa ni mpiga picha. Nam ndiye amerudi kutoka New York akiwa mbunifu wa mavazi, anahojiwa kwenye kipindi cha televisheni.

Na hapo kwenye mpira kuna sababu ya pili ya ukimya ambayo nilikuwa naihifadhi. Baba yake Shone alikosa penalti kwenye mechi kubwa, na mji mzima haukumsahaulisha. Mtoto amekulia kwenye nyumba ya mtu aliyepiga mpira mmoja mbele ya watu, akakosa, na akaitwa kwa kosa hilo maisha yake yote. Kijana wa namna hiyo hafundishwi kwa maneno kwamba kujaribu ni hatari, analiona kila siku mezani kwa baba. Kumwambia msichana unampenda ni kupiga penalti. Ndiyo maana hata lile waridi la Valentine alimkabidhi Nam akidai limetoka kwa rafiki yake.

#17 Mchambuzi_Kisauni

Sasa umebadilisha msimamo. Kwenye #6 ilikuwa ni ahadi kwa Top, kwenye #16 ni penalti ya baba. Ipi kati ya hizo?

#18 Mlinda_Mlango

Zote mbili. Ahadi ilimpa hofu yake mahali pa heshima pa kukaa. Bila Top angetafuta kisingizio kingine.

#19 Ua_la_Asumini

Hiyo sentensi ya #18 ni nzito, na nadhani inamgusa pia aliyeiandika. Lakini tuiache.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi mhusika mwenye tatizo la kujikubali ni Shone. Nam, pamoja na miwani yake, ndiye aliyesimama pale bwawani akayasema yote, tangu tarehe ya kwanza mpaka ya mwisho, akijua anaweza kukataliwa. Alikataliwa, akarudi nyuma akaanguka majini, akainuka. Shone alikuwa mzuri, anapendwa, anacheza mpira, na hakuweza. Binti aliyepakwa weusi ili awe kichekesho ndiye aliyepiga penalti.

#20 Mtunza_Kanda

Kwa wanaotaka kulinganisha, itazameni Our Times ya Taiwan ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Frankie Chen. Ni jamaa wa karibu wa hii: miaka ya 1990, msichana wa kawaida anayeitwa Truly Lin, shabiki mkubwa wa Andy Lau, mwimbaji na mwigizaji wa Hong Kong, anampenda kijana mstaarabu wa shule, na anajikuta ameunganishwa na mkorofi Hsu Tai-yu kwa sababu ya barua ya mnyororo, ile ya kukutisha kwamba usipoituma kwa wengine utapatwa na balaa.

Mle nako msichana anabadilishwa sura, anavua miwani na kubadilisha nywele. Lakini kuna mambo mawili yanayoitofautisha. Kwanza, Tai-yu naye anabadilika: alikuwa mwanafunzi bora aliyejitupa kwenye ukorofi baada ya rafiki yake kufa maji, na Truly ndiye anayemrudisha kwenye vitabu. Pili, mkuu wa nidhamu anapomtuhumu Tai-yu kwa udanganyifu katika mtihani, Truly anasimama mbele ya shule nzima na kusema kwamba hakuna anayeweza kuamua sisi ni watu wa namna gani isipokuwa sisi wenyewe. Kujikubali kumetamkwa wazi, na kumetamkwa kwa ajili ya kumtetea mtu mwingine.

#21 Mwalimu_wa_Zamu

#20, nimeiona. Kinachonigusa zaidi pale ni Truly mtu mzima, ofisini, amechoka, anadharauliwa na vijana walio chini yake, na anapoanza kusikiliza kanda zake za zamani anakumbuka kwamba aliwahi kusimama mbele ya shule. Anaacha kazi. Huo ujana unamdai, naye anaulipa. Kwenye filamu ya Thailand watu wazima wamefanikiwa tayari, na kumbukumbu ni pambo zaidi.

#22 Mama_Wawili_Muscat

Habari za humu. Niko Oman na familia, nasoma uzi huu tangu asubuhi.

Niliitazama hii ya Thailand na binti yangu wa miaka 13. Mimi nilisubiri aniulize kuhusu ngozi, kwa sababu shuleni kwao ni jambo linalosemwa sana, nikawa nimejiandaa na majibu yangu. Hakuniuliza hilo. Alichouliza ni kwa nini Nam hakumtaka Top, wakati Top alikuwa mwema, alimtembeza, na alimtamkia wazi kwamba anampenda. Nikakosa la kusema. Yeye akasema mwenyewe kwamba Nam hakuwa na haki ya kumlaumu Shone kwa kutomwona, maana naye hakumwona Top.

Sijui hilo mtaliweka upande gani wa mjadala wenu.

#23 Binti_Ngamiani

Ahsante sana, mama. Mwambie binti yako kwamba ametuacha mbali.

Nimesoma yote. Nakubaliana na #19 kwamba ujasiri wa bwawani ni wa Nam peke yake, na nakubaliana na #10 kwamba Kiingereza na daftari ndivyo vilivyompeleka New York. Hata hivyo sijaridhika kuhusu ngozi, na maelezo ya #12 yameniongezea uchungu. Albamu ya #2 inaniambia Shone aliona uzuri wa yule binti mweusi. Kama kweli aliuona, basi waongozaji nao waliujua uzuri huo, na bado wakaona sisi watazamaji hatuwezi kuukubali mpaka rangi iondolewe.

#24 Mchambuzi_Kisauni

Au waliamini kwamba tutauona pamoja na Shone tukifika kwenye albamu, na ndiyo sababu ya kuiweka mwishoni. Picha za mwanzo zile zinarudishwa mbele ya macho yetu tukiwa tumekwisha kumpenda Nam, na safari hii hakuna muziki wa kichekesho nyuma yake.

#25 Mkaguzi_Msaidizi

#24, hilo ni jibu zuri, na ningependa liwe la kweli. Lakini baada ya albamu, kwenye kipindi cha televisheni, anayeingia na kukaa kwenye kiti ni Nam mweupe.

#26 Kijana_wa_Kirumba

Na Shone anapoulizwa kama ameoa, anajibu kwamba alikuwa anamsubiri mtu arudi kutoka Marekani. Hapo mimi sina hoja zaidi. Mtunza_Kanda, fungua uzi wa Our Times, tutakufuata huko.

#27 Mtunza_Kanda

Nitaufungua Ijumaa. Mlinda_Mlango, wewe utachangia kuhusu Tai-yu, maana naye aliondoka kwenda kutibiwa bila kusema, akaacha kanda.